Seva Mbili na Jicho la Mama

Mama alikuwa ameshakataa kuingia chumba cha upasuaji mara mbili, na mara zote mbili sababu ilikuwa seva.

Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho kwa miaka mingi, na la kushoto lilikuwa likifuata nyuma taratibu. Watu, alisema, alikuwa akiwaona kama nguo zilizoanikwa kambani: anajua kuna kitu, anajua ni chekundu, basi. Daktari alituambia jicho bado lingeweza kuokolewa, ila tukizidi kukawia ule utando ungekuwa mgumu na kazi ingekuwa kubwa. Mama alikubali masharti yote ya hospitali, kisha akaweka sharti lake. Siku ya kufunguliwa bandeji, mbele yake niwe mimi. Si kaka yangu, wala si mke wa kaka yangu, anayeishi naye Dandora na kumpikia kila siku ya Mungu.

"Nataka nikifunguliwa nikuone wewe kwanza, maitu," alisema. "Hawa wengine si niko nao tu? Nitawaona jioni."

Ananiita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nimepewa jina la mamake. Ni desturi ya kwetu, na binti mwenye jina hilo hubembelezwa zaidi kidogo kuliko wengine na kutumwa zaidi kuliko wengine wote.

Mara ya kwanza tulikuwa tumeshafika hospitali, yeye amevaa lile gauni lao la kufungwa mgongoni, simu yangu ikalia. Seva ya kliniki imezima, wagonjwa wamejaa, njoo. Nikamwambia Mama nitarudi kabla hajatolewa. Akasema kama mimi naenda, na yeye anaenda, akaanza kufungua kamba za gauni mbele ya watu. Mara ya pili hatukufika hata getini. Tulikuwa tumesimama kwenye lami ya Dandora, mke wa kaka amebeba termosi, simu ikalia, na Mama akageuka akarudi nyumbani bila kuniuliza ni nani aliyepiga.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta wa kliniki moja ya binafsi yenye matawi matatu jijini: kubwa liko Umoja, jingine Muthurwa, na dogo kabisa Mukuru kwa Reuben. Nasema mtu wa kompyuta kwa sababu niko peke yangu. Pale kazini wananiita injinia, jina linalosikika vizuri mpaka ujue maana yake ni kwamba kila chenye waya ni changu, birika la chai likiwemo. Faili za wagonjwa, majibu ya maabara, dawa zilizobaki kwenye rafu, vyote vilikaa ndani ya seva moja kwenye chumba kidogo nyuma ya famasia ya Umoja, katikati ya makatoni ya glavu. Seva hiyo ikilala, matawi yote matatu yanalala. Na wa kuiamsha nilikuwa mimi, tena kwa miguu yangu, maana haikuwahi kuharibika kwa njia inayotengenezwa ukiwa mbali.

Nilikuwa nimechoka, na sitaki kulipamba neno hilo. Nilisinzia kanisani, nilisinzia kwenye kiti cha msusi, nikashtuka nikidhani simu imelia kumbe ni redio ya jirani. Watoto wangu walikuwa wameacha kuniuliza kama nitakula nyumbani. Likizo nilikuwa nikiijaza kwenye karatasi kila mwaka, halafu naifuta mwenyewe kabla mtu hajaniomba niifute. Kwa hivyo nilipoamua kuweka seva ya pili, isifikiriwe kwamba nilipata wazo kubwa. Nilitaka tu Mama afunguliwe jicho nikiwa mbele yake.

Mkurugenzi wetu ni mtu wa hesabu. Aliniuliza hiyo seva ya pili itafanya kazi gani.

"Haitafanya kazi yoyote," nikamjibu. "Itangoja."

Nilimweleza kwamba ya kwanza ikianguka, ya pili itachukua huduma zote yenyewe, bila mtu kugusa kitu, bila mimi kutoka nyumbani, na mgonjwa aliye kwenye benchi hatajua kama kuna kilichotokea. Akasema hajawahi kuajiri mtu wa kungoja, lakini mashine ataijaribu. Tulipata iliyotumika, bado nzima, na nikaiweka chini ya ile ya kwanza kwenye rafu ya chuma.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni kuzifundisha mashine mbili kuulizana hali. Kila baada ya muda mfupi moja inauliza, uko? Nyingine inajibu, niko. Kutwa kucha ni hivyo tu, na waya kati yao hauna maneno mengine. Jibu likikosekana mara kadhaa mfululizo, ile ya akiba inahesabu kwamba mwenzake ameanguka, inachukua anwani yake kwenye mtandao, inafungua faili ambazo imekuwa ikizinakili siku nzima, na inaanza kujibu kwa sauti ya mwenzake.

Ukisikia hivyo unaona ni rahisi, na mimi pia niliona hivyo. Nilimaliza kuandika maagizo yote mchana mmoja, nikajisifu, na siku iliyofuata mama wa usafi alipiga deki akasukuma waya kwa ufagio. Hakuna seva iliyoanguka. Waya tu ulilegea. Lakini kila moja iliuliza, uko? na kila moja haikujibiwa, na kila moja ikaamini kwamba mwenzake amekufa na sasa yenyewe ndiyo mkubwa wa nyumba. Famasia ikawa inaandika kwa hii, maabara kwa ile. Nilitumia wiki nzima kuunganisha faili za watu waliokuwa na majibu ya damu huku na dawa kule, nikila mandazi makavu juu ya katoni, na nilitamani kulia, na siku moja nililia kabisa.

Dawa ya ugonjwa huo ni mtu wa tatu. Nilichukua kompyuta ndogo, nikaiweka juu ya kabati la tawi la Muthurwa, na haihifadhi faili hata moja. Kazi yake ni kuulizwa tu: wewe unamwona nani? Mashine yoyote ya Umoja ikitaka kujitangaza mkubwa, lazima kwanza ile ya Muthurwa ikubaliane nayo. Halafu nikaongeza jambo jingine, kwamba ile inayochukua kazi, kabla ya kugusa faili hata moja, inamkatia mwenzake umeme, ili asije akazinduka katikati na kuanza kuandika tena.

Metroni, mkuu wa manesi wa kliniki, mama mtu mzima kutoka Machakos, mpole na mwombaji, aliniomba nimweleze kinachoendelea kwenye kile chumba. Nilimweleza. Akashika kifua.

"Ati inamuua mwenzake kwanza?"

"Inamzima tu, mami."

"Huyo ni Kaini," akasema, akaenda zake.

Siku ya jaribio ilikuwa saa ya chai. Kwetu hakuna kazi inayoanza bila maombi, na metroni akaamua hili nalo liombewe. Tulishikana mikono katikati ya makatoni ya glavu, mimi, yeye, dada wa mapokezi na mtu wa maabara, na akamwomba Mungu aishike sana seva ya kwanza. Nilitaka kumkumbusha kwamba mwenye haja siku hiyo alikuwa wa pili, lakini nilikuwa nimechoka mno hata kutania. Aliposema amina nikachomoa waya wa umeme wa seva kubwa.

Tulikimbilia mapokezi. Kioo cha kompyuta kiliganda. Dada wa mapokezi alibonyeza mara nyingi kama wanavyobonyeza wote, ingawa nimewakataza wote. Kisha majina ya wagonjwa yakarudi, moja baada ya jingine, na foleni ikaendelea kusogea.

"Umefanya nini, injinia?" akauliza.

"Sijafanya kitu. Nilikuwa nimesimama hapa na wewe."

Nilirudia jaribio siku kadhaa, nikichomoa huku na kule, na kila mara ile ya pili iliamka bila kuitwa. Nikaandika likizo yangu na mara hii sikuifuta. Hospitali ya macho ikatupa siku. Nilihamisha arifa zote za mashine, zile jumbe zinazosema kitu fulani kimezima au kimewaka, kutoka simu yangu hadi simu ya mapokezi. Nikawaomba wasinipigie ila kama nyumba inaungua. Metroni akanishika mkono akasema niende nikamtunze mzazi, hawatanisumbua, yeye mwenyewe atahakikisha. Nilimwamini, na hata leo nakubali kwamba alihakikisha kwa uwezo wake wote.

Nilihamia Dandora kwa Mama siku chache kabla. Tulikaa tu. Upepo ukigeuka, moshi wa jaa uliingia mpaka chumbani, na Mama alifunga dirisha kwa kupapasa, akilaumu watu asiowaona. Alinisimulia tena habari za kibanda chake cha nguo pale Muthurwa, jinsi alivyokuwa akijua mtumba mzuri kwa vidole kabla ya kuutazama. Nilimsikiliza nusu na kusinzia nusu. Simu haikulia. Nilikuwa nikiitazama kila mara nione kama imezima, kumbe iko sawa, imenyamaza tu. Siku ya tatu nilianza kuisahau, na nakumbuka nilifurahi kwa namna ya ajabu, furaha ya mtu aliyeshusha mzigo na bado mabega hayaamini.

Upasuaji ulienda vizuri. Aliingia akiwa amenishika kidole, akanung'unika kwamba mikono ya daktari ni baridi, akatoka na bandeji kubwa nyeupe na njaa. Alilazwa usiku huo kwa sababu ya umri wake na shinikizo la damu. Bandeji ingetolewa asubuhi.

Asubuhi nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Nesi, msichana mwenye sauti ya chini, alikuwa ananawa mikono kwenye beseni pale kona. Mama alikuwa ameketi wima, amejifunga kitambaa kipya kichwani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kupigwa picha. Simu yangu ikaanza kutetemeka.

Niliiacha. Ikakata, ikaanza tena. Metroni. Ikakata, ikaanza.

"Pokea," Mama akasema. "Si unajua hawatakoma?"

Nilisimama, nikaenda miguuni pa kitanda, nikapokea. Metroni hakunisalimu.

"Injinia, naomba msamaha, lakini kila kitu kimezima. Leo ni kliniki ya watoto, wamama wamejaa mpaka nje. Stima ilienda alfajiri ikarudi na nguvu, na ile kubwa inanuka kuungua."

"Na ya pili?"

Akarudia kwamba wamama wamejaa mpaka nje.

"Mami, ya pili inasema nini?"

"Ya pili nimeizima."

Nilimuuliza kwa sauti ya chini, lakini si ya adabu, ni nani aliyemwambia aguse ile mashine, ameizima lini, na kwa nini.

"Huwa naizima jioni tukifunga, asubuhi nikija naiwasha. Tangu uende likizo. Leo nimechelewa, mvua imenishika, na kwa harufu hii nimeogopa kugusa kitu. Si hiyo ni ya kungoja tu? Usiku haina kazi. Na tokeni za stima zilikuwa zinaisha, nikaona zikiisha usiku ile kubwa itazima, na itabidi tukuite, na wewe uko na mzazi."

Nikakumbuka arifa. Kila jioni simu ya mapokezi ilikuwa imepata ujumbe kwamba seva ya pili haionekani. Nilipomuuliza, akasema ndiyo, wameziona zote. Ujumbe ulisema mashine imezimwa na wao walijua imezimwa, walioizima ni wao, sasa wangenisumbulia nini?

Hasira iliniishia mikononi. Sisi sote tumelelewa hivyo. Katika nyumba niliyokulia, kuacha balbu ikiwaka chumba kisicho na mtu kulikupa kofi, na pasi ilichomolewa kabla shati halijapoa. Mwenye kulipa stima kwa tokeni haachi kitu kikiwaka kwa ajili ya kungoja. Nilikuwa nimetia hesabuni waya kulegea, umeme kukatika, diski kufa na mashine mbili kugombania ukubwa. Metroni wangu mwenye huruma sikuwa nimemtia hesabuni. Na alichokifanya alikifanya ili nisiitwe.

"Iwashe," nikamwambia. "Kile kitufe cha mbele. Usikate simu."

Nilimsikia akipita katikati ya wamama, watoto wakilia, mlango wa kile chumba ukigonga ukuta. Akasema ameiwasha. Akasema taa inapepesa. Sikuwa na la kumwambia zaidi, maana kuanzia hapo si kazi ya mtu. Jioni wanapofunga hakuna anayeandika chochote, kwa hivyo alichokuwa nacho mkubwa hata mdogo alikuwa nacho. Ingeamka, imuulize mwenzake, uko? Isijibiwe. Ingeuliza Muthurwa, na Muthurwa ingesema, mimi pia simwoni. Hapo ingemkatia umeme yule aliyeungua, na kuchukua kazi. Niliweka simu sikioni nikangoja, nikikodolea macho shuka la kitandani. Metroni alikuwa anaomba kwa Kikamba pumzi kwa pumzi.

Nyuma ya sauti yake nilisikia gundi ya bandeji ikibanduka.

Niliinua macho. Nesi alikuwa ameshaanza. Nadhani alidhani nitamaliza kuongea, au aliona sikatazi. Alipangusa ukingo wa jicho kwa pamba, akamwambia Mama alifungue polepole. Jicho lilifunguka, jekundu kidogo, na lenye maji. Lilimtazama nesi, likashuka kwenye vifungo vya sare yake. Likaenda dirishani, likakaa huko. Likarudi kwenye pazia, kwenye meza, kwenye termosi. Likanifikia mimi, nimesimama miguuni pa kitanda na simu sikioni. Likanitazama vizuri, kwa heshima, kama unavyomtazama mtu usiyemjua ndani ya chumba cha watu. Kisha likanipita likaenda mlangoni.

"Msichana wangu ametoka?" Mama akamuuliza nesi.

Sikioni mwangu metroni alipiga kelele, imefunguka, injinia, imefunguka, majina yote yako hapa. Nilikata simu.

Nesi alinitazama, kisha akatazama chini. "Si huyu hapa, shosho," akasema.

"Niko hapa, Mama."

Sauti aliijua. Uso ulinigeukia haraka, halafu ukasimama. Mara ya mwisho aliponiona sawasawa nilikuwa na mashavu na nywele nyeusi tupu, nikisukwa kila mwisho wa mwezi, nikipita kibandani kwake jioni kumchekesha. Tangu hapo alikuwa akinitunza kichwani vile vile, na mimi sikuwa nimefikiria kwamba kuna kitu cha kumwonya. Nilisikia aibu. Nilisikia pia uchungu, mkali, wa mtoto mdogo kabisa, kwamba mama yangu ameniona na hakunijua.

"Njoo," akasema.

Nilizunguka kitanda. Alinishika uso kwa mikono miwili, akafumba macho yote mawili, akanipapasa kama alivyozoea, paji la uso, pua, kidevu. Akaridhika. Akayafumbua tena, akanitazama kwa lile moja jipya, chini ya macho yangu, kwenye mvi za hapa mbele, kwenye mdomo.

"Wamekufanya nini?" akauliza.

Nilitaka kumwambia hakuna mtu aliyenifanya kitu, ni kazi tu, na kwamba sasa imekaa sawa, kuna mashine ya pili. Nilifungua mdomo yakatoka machozi. Nililia mbele ya nesi, bila kujizuia, na Mama hakuniambia ninyamaze.

Alisogea mpaka akagusa ukuta, huku ameshikilia kichwa kisitikisike kama alivyoagizwa, akavuta shuka kando. Nesi alisema haturuhusiwi. Mama akamwambia, kwa upole, kwamba anajua.

"Lala hapa," akaniambia. "Mimi niko macho."

Nikavua viatu, nikalala.